Tepu ya Vyumba Vyekundu

"Nyeusi," alisema Lien. "Fundi, hapa umechemsha."

Alikuwa amepiga goti moja kwenye unga wa mbao, tepu yake imelala juu ya meza kutoka ncha hadi ncha. Gaspar aliinama kutazama. Tepu ile haikuwa kama za mafundi wengine wa Keko. Chini ya namba za sentimita kulikuwa na mistari miwili ya vyumba vidogo vidogo, vyekundu na vyeusi, kila kimoja na neno lake la Kivietinamu. Mstari wa juu, Lien alimweleza siku ile alipoleta kazi, ni wa walio hai: milango, vitanda, makabati. Wa chini ni wa wafu: makaburi, majeneza, na meza kama hii, ya kuweka picha ya mama yake, bakuli la majivu la kuchomekea udi wa vijiti, glasi ya maji na matunda. Kila kipimo sharti kiangukie kwenye chumba chekundu, cha heri; cheusi ni cha mkosi. Aliagiza mia moja ishirini na saba. Gaspar alikuwa amekata mia moja ishirini na tatu.

"Mbao zilikuwa na ufa mwishoni," alisema. "Nimeuondoa."

"Umeuondoa na mama yangu pamoja."

Mudathir, fundi wa banda la pili, alizima mashine yake ya randa ili asikose kitu. "Mchina, sentimita nne tu! Kwani marehemu anakuja na tepu?"

"Mie si Mchina. Mchina wako yule kule anauza feni. Mie Mvietinamu." Lien hakugeuza hata shingo. "Na anakuja nayo. Mama alikuwa fundi cherehani. Ukikosea kidole kimoja, anafumua gauni zima."

Mudathir alicheka mpaka akashika nguzo. Lien alikuwa na mgahawa mdogo Kinondoni, mwaka wa saba sasa, na Kiswahili chake alikiokota jikoni kwa wasichana wake wa kazi, kikiwa cha moto vile vile.

Gaspar hakucheka. Hakukasirika pia. Tangu mkewe Adelina azikwe, miezi minane iliyopita, mambo yalimfikia kama sauti ya redio ya jirani: aliyasikia, lakini hayakuwa yake. Alikula kwa kuwa chakula kimepakuliwa. Alisali asubuhi, Baba Yetu na Salamu Maria, kama anavyonoa randa, kwa kuwa ni asubuhi. Watu wa jumuiya walimsifu. Gaspar ana imani, walisema, hakutoa hata chozi.

"Naweza kuunga kipande," alisema.

"Meza ya mama haiungwi kwa urefu, fundi. Jumamosi ni siku yake ya mia. Sikwenda kumzika. Nilikuwa huku, nakaanga samaki za watu. Hii ndiyo naweza." Alikunjua goti, akajipangusa. "Kwetu siku ya mia ndiyo ya kuacha kulia. Ukishaweka chakula, ukishachoma udi, basi. Machozi yanakoma."

Gaspar alikuwa anatazama patasi iliyokuwa mkononi mwake.

"Na ambaye hajaanza?" aliuliza.

Lien alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza fundi huyu kuuliza jambo lisilohusu mbao. Aliiacha tepu juu ya meza. "Kaa nayo. Safari hii upime kwa hiyo, si kwa yako."

Alipoondoka, Mudathir alisogea karibu. "Mtani, unajua unatengeneza meza ya mizimu? Padri wako akisikia?"

"Lien anasema shangazi yake ni Mkatoliki, naye anayo kama hii. Msalaba juu, picha za wazazi chini yake."

"Haya. Mie simo."

"Na sie Novemba tunawasha mishumaa makaburini."

"Nimesema mie simo, bwana!" Mudathir aliinua mikono, akarudi kwenye mashine yake.

Mninga mkavu wa upana ule haukupatikana. Gaspar alizunguka mabanda yote Jumatano asubuhi, akaambiwa subiri wiki ijayo, subiri lori. Alirudi saa sita, akasimama katikati ya banda lake, akainua uso.

Juu, kwenye kenchi ya paa, ulilala ubao mmoja. Futi kumi na mbili, mnyoofu, hauna hata fundo. Aliununua mwaka jana kwa ajili ya kabati la mteja mmoja wa Kurasini, na jina la mteja lilikuwa bado ubavuni kwa penseli.

Ubao huo ulikuwepo pale hata siku ile. Adelina alifariki alfajiri, na mazishi yalikuwa kesho yake mchana. Gaspar alisema hakuna mkono mwingine utakaotengeneza jeneza la mke wake. Alipiga randa mbao za mkaratusi zilizokuwapo, fupi fupi, zilizobaki kwenye vitanda. Mara moja tu aliinua uso kwenye kenchi. Kisha akajiambia, ule ni wa mtu. Fundi hali mbao ya mtu. Akakata pale mkaratusi ulipoishia, mia moja sitini na nane.

Adelina alikuwa mwanamke mrefu. Kina mama walimlaza humo. Walimkunja magoti kidogo, wakafunika kanga juu. Gaspar aliiona kanga imeinuka pale katikati, na hapo ndipo redio ilipohamia kwa jirani.

Mteja wa Kurasini hakurudi tena. Namba yake haikupatikana.

Gaspar alipanda ngazi, akaushusha ubao peke yake. Alifuta jina kwa msasa. Akaivuta tepu ya Lien, akaweka alama, akapima mara ya pili, ya tatu. Mia moja ishirini na saba: nyekundu juu, nyekundu chini. Akakata vipande viwili, akavibana ubavu kwa ubavu kwa gundi. Upana ulikuja sitini na moja. Nyekundu.

Gundi ilipokuwa inakauka alianza kupima vitu. Kigoda: nyeusi. Mlango wa banda: nyekundu. Mkono wake kutoka kiwiko hadi kidole cha kati: nyeusi. Alipima benchi la Mudathir, Mudathir akauliza lake likoje, akaambiwa jekundu, akatamba nalo kutwa nzima. Alhamisi na Ijumaa, kila mikono ilipopumzika, tepu ilitoka. Lakini haikuwahi kupita mia moja hamsini. Ikifika pale kidole gumba chake kiliizuia, akairudisha. Aliwahi kusikia kwenye mahubiri kwamba kuuliza mambo ya wafu ni kupiga ramli, na ramli ni dhambi. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa.

Lien alikuja Ijumaa saa tisa na kirikuu ya kukodi, gari dogo la mizigo. Alizunguka meza. Alipitisha kiganja juu, kisha chini yake, mahali ambapo hakuna mteja anayegusa, na huko pia palikuwa laini. Alipima. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.

"Ubao mzuri, fundi. Si uliniambia kwa simu haupo?"

"Ulikuwepo."

"Wapi?"

Alinyoosha kidole juu. Kisha, kwa sauti ile ile ambayo angetajia bei ya bawaba, akamweleza. Mkaratusi, kabati la Kurasini, kanga ilivyoinuka. Banda la pili mashine ilizimwa.

"Ulikata ngapi?" aliuliza Lien.

"Mia moja sitini na nane."

"Umetazama?"

"Sijatazama."

"Unataka?"

Gaspar alifungua mdomo kusema kwamba ni dhambi, kwamba yeye ni Mkristo, kwamba tepu ni bati na rangi. Alichosema ni, "Ndiyo."

Lien aliweka ncha ya tepu kwenye kona ya benchi la kazi, lililojaa unga wa mbao, akaivuta. Mia. Mia na thelathini. Mia na hamsini ikapita. Gaspar alisimama ng'ambo ya benchi na mikono yake miwili imening'inia kama si ya mtu. Mia na sitini. Lien aliinama mpaka nywele zikagusa vumbi, akasoma, na kidole chake gumba kikashuka juu ya tepu, kikakandamiza.

"Nyekundu," alisema.

Kidole hakikuondoka. Kilikuwa kidole cha mpishi, kipana, na alama ya kisu. Kilifunika chumba chote. Gaspar alikitazama, akamtazama mwenye kidole, akakitazama tena. Wala hakumwomba akiondoe.

"Nyekundu, fundi," alirudia Lien, sasa taratibu, na kwa mkono mwingine akalitikisa boksi mpaka ncha ikachomoka kwenye kona. Tepu ikakimbia kurudi ndani ya boksi lake.

Walibeba meza watu watatu, Mudathir akishika upande mmoja na kusema bismillahi. Lien alipanda mbele kwa dereva. Kisha akateremsha kioo.

"Mkeo alikuwa anaitwa nani?"

"Adelina."

"Adelina alikuwa anapenda kunywa nini?"

Gaspar alifikiri. Ilimchukua muda, kama mtu anayetafuta msumari mmoja ndani ya kopo lililojaa. "Chai ya rangi. Tangawizi nyingi."

"Tangawizi nyingi," alisema Lien, kama anayepokea oda, na kirikuu ikaondoka.

Gaspar alirudi ndani, akachukua brashi, akaanza kufagia benchi kama kila Ijumaa. Unga ulianguka miguuni mwake, mwekundu wa mninga. Alipofika katikati, mkono ukasimama. Palikuwa na mstari mwembamba kwenye vumbi, pale tepu ilipolala, na mwisho wa mstari alama ya kidole, kama mbegu. Tepu yake mwenyewe, ya namba tupu, ilikuwa mfukoni.

Alisimama hapo mpaka Mudathir akapita na kusema, "Tufunge, mtani."

"Tangulia."

Akafagia benchi lote, pole pole, akipazunguka pale penye alama.