Wimbo ya Rubona ku Masikio ya Mutoni

Mipira kumi. Ikitoka moja tu inje ya vibendera mbili za kulengea, Mutoni haendi Kigali ku mashindano. Muzee Théoneste, mwalimu ya golfu, alisema hivyo akiangalia saa, kama mutu anauliza bei ya nyanya.

Lakini mi dada yangu namujua. Si Kigali iliyomutia woga. Kule mwisho ya uwanja, pembeni ya vibendera, Mama Verediane alikuwa anakata majani, toroli yake pembeni. Mwezi iliyopita mupira ya Mutoni ilienda kombo, ikamuvunja taya. Leo ndiyo siku yake ya kwanza kurudi kazini.

"Muzee, tumuombe mama asogee kidogo?" Mutoni aliuliza.

"Kigali utasogeza watu wote? Relax, my daughter. Piga."

Tatizo ya Mutoni ni haraka. Woga ikimushika, fimbo inashuka kama anaua nyoka. Donc mi Ganza, mutu ya simu, nilitafuta dawa ku internet: watu wanajizoeza na sauti ku masikio. Ikilia mara ya kwanza unapandisha fimbo, mara ya pili unashusha. Nikamuwekea ile ya tii, tii. Dakika mbili tu, akatoa ekuteri, vile vidude ya kusikilizia bila waya, ku masikio.

"Toa hii kitu! Ni kama ile mashini ya hospitali, pa kitanda ya Verediane."

Bon. Asubuhi moja nikashuka pa ziwa, Rubona, na simu, nikarekodi wavuvi ya samaki ndogo za sambaza wakirudi, mitumbwi tatu imefungwa pamoja, wanaimba na makasia. "Eeeee" ndefu, fimbo inapanda polepole. "Hop!" inashuka. Yampayinka, ilikubali! Wiki mbili tulifanya hivyo: mipira tatu, tunapumzika, tunaanzisha wimbo upya. Mipira ikanyooka.

Leo hakuna kupumzika. Ekuteri iko ku masikio yake, wimbo inatoka ku simu, simu iko ku mukono yangu.

Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Kila fimbo ikipanda, Mama Verediane analala chini, tumbo ku majani, mikono ku kichwa. Mupira ikianguka, anaamuka, anakata tena. Hakuna aliyecheka.

Ya saba, sawa.

Ya nane, nikaona mabega ya Mutoni yamekaza. Fimbo ilishuka mbio. Mupira ikaanguka ndani, lakini karibu kabisa na kibendera ya upande ya mama.

Ayiwee! Wimbo! Wavuvi wakikaribia inchi kavu wanakimbiza makasia, kila mutu anataka kufika ya kwanza kwa wanunuzi. Mi nilirekodi mpaka mwisho, na sisi tulizoea mwanzo tu! Sasa ku masikio yake iko "ehop! ehop! ehop!"

Kidole yangu ikasimama juu ya simu. Nikizima fimbo ikiwa juu, atashtuka. Nisipozima...

"Mutoni!"

Hasikii. Ya tisa, fimbo iko juu. Sikuzima.

Tah!

Mupira ikakata kombo, chini chini, mbio. Kule mwisho toroli ya majani ikalia, ngaa! Ile toroli iko karibu kabisa na kichwa ya Verediane.

Hakuamuka.

Mutoni alitupa fimbo, akakimbia. Mi nyuma yake. Tukafika. Macho ya mama iko wazi. Anapumua. Mupira ilipiga chuma, yeye haikumugusa, lakini miguu ilikataa kusimama.

"Bado niko, mwanangu," alisema, taya nusu imefunga. "Bado niko."

Kwa mbali Muzee Théoneste akamuita mwingine, "Next!" Kigali ya Mutoni imeisha.

"Mikono yangu ni mubaya," Mutoni alisema akilia. "Sitashika fimbo tena maisha yangu yote."

Mi nimesimama na simu. Hakuna mutu anajua. Naweza kufuta ile wimbo sasa hivi, yakaisha.

Nikatoa ekuteri ku masikio yake, nikaweka wimbo itoke ku simu yenyewe, sauti ya juu. Ehop! Ehop! Ehop!

Mama Verediane ndiye alielewa kwanza. "We Ganza, hapo si wanafika ku inchi kavu? Ndiyo ulimupa apige nayo?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi. Si mikono yake."

Nilingoja kofi. Mutoni akachukua simu, akazima, akanirudishia. Kisha akamushika mama kwapani, akaanza kumuinua.