Sungura Aliyemsemea Shangazi

Jumamosi asubuhi, wifi yake Shangazi alipoinama kumbadilishia sungura maji, yule dume mweupe alinguruma, akamrukia, akamng'ata kidole gumba. Wifi akafungua mdomo alie. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Shangazi, aliyekuwa jikoni akimenya vitunguu.

"Mgongo wangu jamani. Miaka kumi na moja nalala stoo."

Damu ilipokauka, sauti yake ikamrudia. Akaomba plasta.

Jumatatu ikawa zamu ya kaka mtu, fundi saa. Alimnyanyua sungura kwa juu, akaumwa kiganja.

"Nilipoachika mliniambia nivumilie wiki mbili tu, mtanipa chumba," alisema kwa sauti ya dada yake, huku akitafuta kitambaa.

Shangazi alimfunga jeraha. Maneno yalikuwa yake kweli, yale aliyokuwa akiyameza na mate kila siku. Kuyasikia yako nje kulimpa ahueni ya mtu aliyetuliwa ndoo.

"Huyu sungura amezidi," kaka alisema baadaye.

"Amezidi, kaka yangu," Shangazi akaitikia.

Akaitwa daktari wa mifugo. Naye hakusalimika.

"Na chumba cha wageni hakijawahi kulaza mgeni," alisema kwa sauti ileile, akajipaka dawa, akangoja yake irudi. "Mnyama wenu hana ubaya. Amebanwa. Kiumbe akikosa pa kujinyoosha hutumia meno. Msimnyanyue kwa juu, kaeni naye sakafuni, na mumwongezee nafasi."

"Masikini," kaka akasema. "Hata mimi ningeuma."

Walifikiria chumba cha wageni, lakini kilikuwa na zulia jipya. Basi wakachukua nusu ya stoo. Kaka alipigilia misumari ya banda, Shangazi akamshikia mbao, godoro lake likasogezwa ukutani.

Sungura akatulia siku ileile. Hakumuuma mtu tena, na wageni wakawa wanaletwa kumwona alivyo mpole.

Alasiri moja, wenyewe wakiwa wametoka, Shangazi aliketi sakafuni kama daktari alivyoelekeza, akamwekea sungura kidole kati ya meno. Alitaka naye aseme, kwa mdomo wake mwenyewe, walau mara moja. Sungura akakilamba.

"Haya," akasema.

Sungura akajinyoosha urefu wake wote, akafumba macho. Shangazi akakunja miguu, akajilaza upande uliobaki.