Aliyefungua Gogo

Mwanne alikaa nje ya mahakama ya Nachingwea tangu asubuhi, mikono ameibana katikati ya magoti. Jengo lilikuwa la mabati, lililowahi kuwa ghala la mradi wa karanga, na jua lilipopanda mabati yalianza kulia kama mtu anayevunja vijiti. Kila yalipolia aligeuka kutazama mlango. Mle ndani walikuwa wakimshitaki mdogo wake, Swalehe, kwa kumuua jirani yao Shaibu. Akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, atanyongwa.

Jaji alipopumzika, wakili wa Swalehe alitoka akijipangusa shingo. Alikuwa Mhindi wa Lindi, aliyewekwa na serikali kumtetea.

"Mama, baba yako ameshatoa ushahidi," alisema. "Amesema Swalehe ana akili timamu, ila Shaibu alimtukana mbele za watu."

"Si hiyo itamsaidia? Mtu akitukanwa, hasira zikampanda..."

"Nisikilize. Mauaji hayako namna moja. Aliyekusudia kuua, akaua, hunyongwa. Aliyechokozwa akapiga papo hapo, kabla damu haijapoa, huyo hakukusudia, hufungwa. Lakini Swalehe aliingia ndani, akatafuta shoka, akatoka nalo. Wakili wa serikali anasema alikuwa na muda wa kupoa. Alichokuwa amekosa ni sababu ya ugomvi tu, na baba yako amempa."

Mwanne aligeuka tena kutazama mlango.

"Ipo njia nyingine," wakili aliendelea. "Mgonjwa wa akili, asiyejua anachofanya au asiyejua kwamba ni kosa. Huyo hanyongwi. Hupelekwa hospitali kule Dodoma, akae huko mpaka Gavana aamue. Lakini daktari alimtazama siku tatu, akaandika ametulia. Na kijijini hakuna aliyesema ameugua." Akashusha sauti. "Nimeuona mguu wake. Kovu limezunguka kifundo chote. Baba yako anasema ni mtego wa nguruwe. Mtego hauachi alama ya duara namna ile, mama. Nitakuita uwe shahidi; ukiwa na la kusema, liseme."

Akarudi ndani. Mwanne alibaki akitazama vumbi.

Alilijua kovu lile kama alivyolijua jiko lake. Miaka miwili nyuma Swalehe alikuwa kibarua wa kung'oa visiki katika mashamba ya karanga. Akarudi Ruangwa akisema tingatinga zimefukua simba waliokuwa wamelala chini ya miti, na sasa simba hao wanatembea wamevaa sura za watu, miguu tu ndiyo imebaki ya simba. Kwanza walimcheka. Halafu akamkaba shangazi yake kisimani. Baba yao, Mzee Kaimu, alichonga gogo la mninga lenye tundu, wakampitisha mguu, wakapigilia kigingi. Akaishi chumba cha nyuma. Mama yao ndiye aliyemlisha, akimwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Waliouliza waliambiwa Swalehe yuko Mtwara, kwenye kazi ya reli.

Kisha mama akafa.

"Usiingie mle ndani."

Mzee Kaimu alikuwa amesimama mbele yake, ameegemea fimbo, kofia mkononi.

"Watamnyonga, baba."

"Nimesikia."

"Kwa nini umesema ana akili? Unaona haya? Leo bado unaona haya?"

"Haya?" Mzee alikaa kwenye benchi taratibu, kana kwamba limejaa miiba. "Haya nilizimaliza siku nilipochonga gogo. Mwanne, mimi nina watoto wawili. Mmoja wameshamchukua. Nikisema alikuwa wazimu, wataniuliza tulimweka wapi. Nikisema kwenye gogo, wataniuliza nani alimfungua."

Kwa muda wote huu Mwanne alidhani baba hajui.

"Nilikiona kigingi kwenye majivu ya jikoni kwako," mzee alisema. "Nikakichoma."

Mlango ukafunguliwa na askari akaita jina lake. Mwanne akasimama. Baba yake aliushika upindo wa kanga yake, akaushikilia, halafu vidole vikalegea vyenyewe.

Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Jaji alikuwa mzee wa Kizungu mwenye macho mekundu. Kando yake walikaa wazee watatu wa baraza, waliowekwa kumshauri jaji juu ya mila. Swalehe alikuwa kizimbani, amenyolewa, akitazama miguu ya watu mmoja baada ya mwingine. Mkalimani, Kornel, kijana wa misheni, aliinama kwa Mwanne.

"Sema Kimwera kama unavyosema nyumbani, dada. Nitakubebea maneno yako, sitaangusha hata moja."

Mwanne akaapa. Wakili akamwuliza kovu lile lilitoka wapi.

Angeweza kusema mtego. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Ni gogo," alisema. "Tulimfunga miezi kumi na minne."

Minong'ono ikapita chumbani. Mwanne aliendelea haraka, maana alijua akisimama hataanza tena. "Mama alipofariki, niliona si haki asimzike. Nilikitoa kigingi mimi. Alikuwa ametulia, akalia kama watu wote. Nikamvika kanzu ya baba. Halafu Shaibu akaja akiwa amejipaka unga usoni, amejifunga ngozi ya mbuzi, akalala njiani mbele ya jeneza. Akanguruma. Akasema, 'Mimi ndiye simba wa Ruangwa! Bibi huyu ni nyama yangu leo. Nipeni jogoo, la sivyo nammeza na sanda yake!' Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Kugeuka, Swalehe hayupo. Alipotoka ndani alikuwa na shoka."

"Baada ya kupiga, alikimbia?" wakili wa Swalehe akauliza.

"Hapana. Alikaa chini akaniita. Alikuwa anafurahi." "Alisema, 'Dada, leta kisu tumchune. Ngozi tuipeleke bomani kwa Bwana Shauri, atupe zawadi ya kuua simba. Nimemwokoa mama.'"

Kornel alisita. Kisha akayatafsiri maneno yote.

Wakili wa serikali akasimama. Hakuwa mkali, na hilo lilimwogopesha zaidi.

"Huku kusini watu wengi wanaamini wapo watu wanaogeuka simba, sivyo?"

"Wengi, bwana."

"Wote ni wendawazimu?"

"Hapana."

"Basi mdogo wako aliamini wanayoamini majirani zake, akatukanwa, akakasirika, akaenda kuchukua shoka. Nawe leo unaleta hadithi ya gogo ambayo baba yako mzazi hakuitaja. Mmoja wenu amedanganya chini ya kiapo."

Mwanne alitazama sakafu. Akitaja sababu ya baba, anamfunga baba. Asipoitaja, Swalehe anakwenda kitanzini. Masikio yalimvuma mpaka akashindwa kusikia mabati yakilia.

"Baba alificha kwa ajili yangu," alisema mwishowe. "Alijua nimemfungua. Kama ni kosa, ni langu."

Hapo mmoja wa wazee wa baraza, Mzee Abdalah, akaomba kuuliza. Jaji akaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu, Shaibu alikuwa nani kwenu?"

"Mtani, mzee. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu."

"Kwa hiyo kulala njiani pale ilikuwa nini?"

"Ilikuwa haki yake. Asingefanya vile, tungesema amemdharau mama."

Mzee Abdalah akamgeukia jaji. "Bwana Jaji, mimi nimezikwa na watani mara tatu nikiwa hai," alisema, na watu wakacheka kidogo kwa hofu. "Mtani wangu aliwahi kuchukua kitanda cha marehemu mke wangu, nikamshukuru. Kwetu hata mtoto wa miaka sita anajua simba wa matangani ni Shaibu mwenye unga usoni. Yapo matusi ya kumpandisha mtu hasira, lakini ya mtani hayamo. Hayamo kabisa. Aliyemwona simba wa kweli pale, si imani yetu iliyomtuma. Amepotewa na kitu ambacho sisi wote tunacho."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Akaagiza mguu wa Swalehe uinuliwe, akashuka mwenyewe kuutazama.

Siku ya pili, alasiri, Kornel alisoma uamuzi kwa Kiswahili, polepole: Swalehe bin Kaimu alitenda tendo la kuua, lakini alipolitenda alikuwa mwendawazimu. Atawekwa chini ya ulinzi hospitalini mpaka Gavana atoe amri. Kuhusu waliomfunga na aliyemfungua, jaji hakusema neno.

Mwanne alingoja kusikia furaha ndani yake. Alichokisikia ni baridi. Usiku wa kuamkia kesi alikuwa amemwomba Mungu kwamba Swalehe asinyongwe. Baadaye, kwa sauti ndogo zaidi, aliomba asirudi nyumbani. Yote mawili yalikuwa yamekubaliwa.

Nyuma ya mahakama walimruhusu kumuaga. Swalehe alikuwa ameketi ndani ya lori la polisi, pingu za chuma zimekaa juu ya kovu lilelile. Mwanne akapitisha mkono kwenye wavu, akamgusa shavu. Lilikuwa na joto, kama la mtoto aliyetoka kulala.

"Dada, ngozi wameipokea?"

"Wameipokea, Swale."

"Vizuri." Akatabasamu. Kisha macho yakasogea, yakapita begani kwake. "Na huyu wa pili?"

"Yupi?"

"Aliyesimama nyuma yako."

Mwanne hakugeuka. Alijua ni nani. Alikuwa amesikia fimbo yake ikigusa changarawe.

"Huyo ni baba."

Swalehe alimtazama kwa huruma, huruma ya mtu anayeona hatari ambayo mwenzake haioni.

"Ndivyo alivyokuambia?"

Lori likanguruma na kuondoka, likaelekea kituo cha reli. Mwanne alisimama mpaka vumbi likatua. Alipogeuka, aliitazama kwanza miguu ya baba yake, akaona haya, kisha akamshika mkono.