Umbea wa Sanduku la Bibi Harusi

Dirisha la nyuma la darasa la tisa lilikuwa limeng'oka nondo, na kipindi cha Kiingereza kikianza tu, darasa linamiminikia hapo kwenda kucheza kriketi. Mwalimu Shaheda alibaki na wanene wasiopenya.

Mwalimu Mkuu akamwonya. "Alhamisi nitakaa kipindini kwako. Nikikuta madawati matupu, unarudi kufundisha darasa la sita."

Jumapili, wiki ya shule ilipoanza kwao, Shaheda aliingia bila kitabu, akakaa juu ya meza na kushusha sauti.

"Leo sifundishi. Nina umbea. Ila ami Mofiz, mgonga kengele wetu, yuko barazani na kengele yake, na mdomo wake mnaujua. Nitausema kwa Kiingereza, asiambulie kitu."

Rubayet, mguu mmoja keshautoa dirishani, akaganda.

Shaheda akasimulia kwa maneno mepesi. Jirani wa shangazi yake kaoza mwana. Bibi harusi kaja na sanduku la bati, kufuli mbili, haruhusu mtu kuligusa. Usiku, nyumba kimya, sanduku likapiga chafya.

Shaheda akakohoa. Kengele ikalia. Ami Mofiz alikuwa ameshahongwa sambusa agonge akisikia kikohozi hicho.

Jumatatu dirisha halikupitisha mtu.

"Mchumba wake wa zamani yumo humo," alisema Rubayet.

"Atajikunjaje? Ni mbuzi," alisema Tohura.

"Mbuzi anapiga chafya?"

"Wa kwetu anapiga, na adabu anakushinda."

Kila siku umbea ulisogea kidogo, kikohozi, kengele. Jumatano wanafunzi wakashtukia mchezo, wakamfuata ami Mofiz na karatasi ya jhalmuri, zile bisi za mchele, pilipili imekolea.

"Ami, kesho usigonge mapema."

"Mimi nafuata saa."

"Saa gani hiyo inayonuka sambusa?"

Akaipokea jhalmuri. Hakuwa mtu wa kubagua.

Alhamisi Mwalimu Mkuu alikaa nyuma, mikono kifuani. Darasa limejaa pomoni. Shaheda akafika penye utamu: mama mkwe kaiba funguo, kufuli zimefunguka, kifuniko kinainuka. Akakohoa.

Kimya.

Akakohoa tena, hadi machozi yakamtoka. Kule barazani ami Mofiz anatafuna, macho juu, kana kwamba anahesabu mawingu.

"Endelea, Madamu," alisema Tohura. "Au tukuletee maji?"

Shaheda akaona hana pa kukimbilia. "Mwisho uko kwenye kitabu chenu cha Kiingereza. Ukurasa wa sitini."

"Kumbe ni somo?" Rubayet alisema kwa uchungu, kama aliyelishwa dawa ndani ya halua. "Na shangazi yako?"

"Shangazi ninaye. Jirani yake ndiye hayupo."

Rubayet akasimama. Shaheda akajua yamekwisha: huyu akitoka, wote wanamfuata, na Mwalimu Mkuu anaangalia. Lakini Rubayet aliinama chini ya dawati, akaibuka na kitabu kisicho na jalada, kimejaa tope la uwanjani, akakipuliza. Darasa zima likaanza kufunua kurasa. Midomo ikawa inachezacheza, vidole vinafuata mistari.

Mwalimu Mkuu akavumilia weee, akashindwa. Akajisogeza kwa Rubayet na kunyoosha shingo.

"Hebu, kijana. Mna nini humo sandukuni?"

Rubayet akauziba ukurasa kwa mkono wake wote.

"Subiri, mwalimu. Sijafika."