Kopo Lililomjua Mama

Mimi ni fundi redio, na kubishana na mtu asiyetaka kujua hunichosha upesi. Lakini Baba Mdogo Yotham aliponipigia kuniambia kwamba ukoo utakaa Jumamosi kumwondoa mama yangu kijijini, nilibishana naye mpaka akanikatia simu.

Kosa la mama lilikuwa moja tu: alipona. Msimu wa mvua uliopita kaka yangu Lameck alipigwa na radi akipalilia mtama, na mama alikuwa mstari wa pili, karibu kabisa, lakini hakuchubuka hata kidole. Tulizika tukanyamaza, maana kwetu aliyekufa kwa radi haliliwi kwa sauti, na ukimya ule ukazaa maneno. Radi ile imetumwa, watu walisema. Na aliyeituma ni yule iliyemruka.

"Waache waseme, midomo ni yao," mama alikuwa akiniambia. Alichokijali ni Emiliana, binti wa Lameck, mtoto wa miaka miwili ambaye mama yake alifariki siku ya kumzaa. Mama akiondoka, mtoto angebaki kwa Baba Mdogo, kwa kuwa ni wa ukoo. Alikuwa akilala mgongoni kwa mama, akila mkononi kwa mama, na mama aliishi kwa ajili yake. Ukimtenganisha naye, ni bora umzike.

Basi nikaamua kuwaonyesha hao watu radi inatoka wapi.

Mchoro wa kifaa cha kuhisi radi nilipewa na mwanafunzi mmoja wa chuo cha Chimwaga aliyeniletea spika yake. Si kitu kigumu. Unachukua kopo la maziwa ya unga, unapitisha ndani yake waya usiogusa ukuta wa kopo, unauunganisha na transista mbili, betri, na mita ya mshale niliyoing'oa kwenye redio kaseti iliyokufa. Hewani kuna chembe zenye umeme, wasomi huziita ioni. Wingu la radi likikaribia, umeme wa hewani hubadilika, waya unauhisi, mshale unapanda. Pembeni niliweka redio ndogo niliyoiweka kwenye masafa yasiyo na stesheni, maana radi ikipiga hata mbali sana, redio hukwaruza.

"Hicho nacho ni nini, Paulina?" aliuliza Msafiri, Mrangi wa Kondoa tunayegawana naye kibanda pale Makole, mjini.

"Cha kunusa radi."

"Nyie Wagogo mvua yenyewe hamna, radi mtaitoa wapi?"

Nikamwambia akauze betri zake. Lakini mchana ule ule, jua likiwa kali na anga tupu, redio ilianza kukohoa. Ilikohoa, ikatulia, ikakohoa tena. Mshale ukanyanyuka kidogo, ukabaki pale, ukitetemeka. Nilitoka nje nikatazama pande zote, sikuona hata wingu la kufunika kuku. Kulikuwa na kitu kinatembea huko nisikokuona, na kopo langu lilikuwa linakisikiliza. Msafiri aliacha utani, akahamisha kiti chake.

Jioni ndipo mvua ikanyesha. Nilifurahi sana, sitaficha. Nilijiona nimeshashinda kesi.

Jumamosi nilishuka Mvumi nikatembea mpaka nyumbani. Ukoo ulikuwa umeshakaa uani kwa mama, wanaume kwenye vigoda, wanawake chini kwenye mkeka. Mama alikuwa kizingitini, Emiliana mgongoni, shali ya nailoni mabegani.

"Mbukwenyi," nikawasalimu.

"Mbukwa," wakajibu, bila kuniangalia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekuja kusikiliza au umekuja kusema?"

"Nimekuja kuonyesha."

Niligeuza kinu juu chini, nikaweka kopo juu yake, nikasimamisha ufito mrefu uliobeba waya. Nikaeleza habari ya mawingu, ya chembe za umeme, ya waya. Walinisikiliza wanavyomsikiliza mtu wa kampeni. Baba Mdogo akapiga miayo.

Hasira zikanipanda. "Haya," nikasema, "mnasema mama anatuma radi? Kopo hili linahisi radi ilipo. Piteni mbele yake mmoja mmoja. Mtaona halimjui mtu."

Hapo wote wakainua vichwa. Ningekuwa na akili zangu timamu ningejiuliza kwa nini. Zamani kwetu kulikuwa na kiapo: mtuhumiwa alipitishwa kwenye kitu, na kile kitu kikatoa hukumu. Wazee wale walikielewa vizuri sana nilichokuwa nimewaletea. Mimi peke yangu ndiye ambaye sikukielewa.

Baba Mdogo alipita. Mshale haukutikisika. Wakapita wazee wengine, wakapita shangazi, akapita jirani Generosa akijishika kifua. Mshale ulilala tu.

"Mama, njoo," nikasema.

Alimfungua Emiliana mgongoni, akamkabidhi Generosa, akaja taratibu. Mshale ukapanda.

"Ni shali!" nikasema upesi. "Nailoni ikisuguana inatoa umeme. Mama, vua shali."

Akavua, akaitupa kwenye mkeka. Mshale ukapanda zaidi.

Mama aliutazama. Nilizoea kumwona akicheka waganga, akicheka ndoto, akicheka hata wahubiri wa sokoni. Sasa alikuwa anautazama ule mshale mwekundu kwa macho ya mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mahali pasipo na mtu. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Mshale haukushuka.

Haukushuka. Hapo ndipo nilipoigeukia redio, ambayo kwa hasira zangu sikuwa nimeiongeza sauti. Nikaiongeza. Haikuwa inakohoa tena, ilikuwa inakwaruza bila kupumzika. Na juu kwenye ufito, ncha ya waya ilikuwa inalia, sauti nyembamba ya mafuta yanayochemka. Nywele za mikono zilinisimama. Nyuma ya kilima, nyuma ya migongo yao wote, wingu jeusi lilikuwa limeshafika, kimya, bila upepo, bila hata ngurumo moja.

"Ndani!" nikapiga kelele. "Ingieni ndani wote!"

Baba Mdogo hakuinuka. "Kwanza tumalize hili la—"

"Ingieni!" Mama ndiye aliyesema. Hakupaza sauti, ila waliinuka wote kwa pamoja, wakakimbilia nyumbani kwake wakisukumana mlangoni. Mama aliingia wa mwisho, akachukua kanga akafunika kioo cha ukutani, kama tufanyavyo wote mvua za radi zikija. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kioo mlio ulipotokea.

Sikuusikia kwa masikio, niliusikia kwa meno. Chumba kizima kilikuwa cheupe, kila mtu mweupe, kisha giza. Emiliana ndiye wa kwanza kulia. Mvua ilipopungua tulitoka. Kinu kilikuwa kimepasuka vipande viwili, kopo sikuliona tena, na vigoda viwili vya karibu, kimojawapo cha Baba Mdogo, vilikuwa vinafuka moshi.

Nilisubiri washangilie. Kopo lilikuwa limewaokoa, wote, mbele ya macho yao! Nikafungua mdomo nieleze, na hapo nikamwona Baba Mdogo akivua kofia. Alipiga goti mbele ya mama, yeye shemeji mtu, mzee wa ukoo.

"Shemeji," alisema, na sauti ilikuwa inamtoka kwa shida, "hatukufukuzi. Kaa hapa hapa. Mtoto ni wako, shamba ni lako. Tunakushukuru kwa kutuambia tuingie."

Wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akimpitia mbali. Generosa alimweka Emiliana kizingitini badala ya kumpa mama mkononi.

Tulibaki watatu. Niliwasha moto, nikaongea bila kukoma. Wingu lilikuwa linakuja, mama. Angepita yeyote saa ile mshale ungepanda. Angepita mbuzi ungepanda. Imetokea tu kwamba zamu yako ndiyo iliyokutana nalo. Aliitikia kwa kichwa kila neno, kwa upole, namna anavyomwitikia Emiliana akimsimulia habari za kuku.

"Paulina," akasema nilipoishiwa maneno. "Asubuhi ile tuligombana, mimi na Lameck. Alikuwa amelala, palizi inatungoja. Nilimwambia, radi ikupasue."

"Mama, kila mtu anasema hivyo! Mimi mwenyewe umeniambia mara ngapi?"

"Ndiyo. Nilidhani ni maneno tu."

Nikamwambia ni maneno tu. Nikaapa. Nikalia, kwa sauti, ambavyo sikumlilia kaka yangu. Alinifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akainuka, akamnyanyua Emiliana aliyekuwa amesinzia karibu na moto, akaniletea.

"Mpeleke Makole," alisema. "Anaanza utundu huyu. Siku moja ataniudhi."

Nilikataa. Niliiweka mikono yangu nyuma, nikakataa tena. Lakini yake ilikuwa inatetemeka sana, na ningechelewa kidogo angemwangusha, kwa hiyo nikampokea.