Chai ya Bibi na Mtandao wa Babu

Babu Kete alipopiga simu mara ya kwanza kulalamika kuwa mtandao unakatika, nilimbadilishia waya. Alipopiga tena nilimbadilishia ruta. Alipopiga kwa mara nyingine, msimamizi wangu aliniita na kuniambia kwamba nikishindwa tena na nyumba ile, ataniondoa kwenye nyumba za watu anipeleke kwenye minara. Mimi hata nikipanda stuli kubadilisha balbu nashika pazia. Kwa hiyo nilikwenda pale nimenuna.

Babu Kete si babu yangu. Jina alilipata kwa kucheza drafti, na tangu wanawe walipomwekea intaneti, anacheza kwenye simu na watu asiowajua, amejifungia chumbani kutwa nzima.

"Kampuni yenu imekula njama na wapinzani wangu," alinipokea. "Kila nikikaribia kuingia kingi, fyu! Mtandao hakuna."

"Babu, kampuni haijui hata kama unacheza drafti."

"Sasa nani anajua?"

Nilikaa sebuleni, nikafungua kompyuta na kuanza kutuma pakiti. Pakiti ni vipande vidogo vya habari. Unazituma kwenye ruta, nayo inazirudisha, na wewe unaangalia ngapi zimepotea njiani. Zilienda na kurudi zote bila wasiwasi wowote. Nikaanza kujiona niko juu ya mnara.

Mara jikoni kitu kikaanza kuunguruma. Pakiti zikapotea, kwanza mojamoja, halafu zote. Chumbani Babu akapiga yowe. Muungurumo ukakoma, kengele ikalia ting, na pakiti zikarudi kana kwamba hazikwenda popote. Babu naye alikuwa ameshatoka, miwani juu ya paji la uso, anaelekea jikoni kumuuliza mkewe kama umeme upo.

Nikatega sikio. Bibi alimwambia umeme upo, akamuuliza mgongo unaendeleaje, akamsimulia kuhusu jirani aliyepaka nyumba rangi ya boga. Babu akacheka mpaka akakohoa. Alipoukumbuka mchezo wake akarudi chumbani, nami nikaingia jikoni na kufungua maikrowevu. Ndani mlikuwa na kikombe cha maji matupu.

"Bibi, chai hii mbona haina majani?"

Aliusukuma mlango wa jikoni ukajifunga. "Umejua?"

"Hiki chombo na mtandao wenu vinatumia masafa yaleyale. Kikiwaka kinayapigia kelele mawimbi ya ruta, simu ya Babu haisikii kitu. Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Siku moja nilipasha chai, akatoka. Alikuwa hajatoka tangu asubuhi. Tukaongea mpaka chai ikapoa." Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Nikaipasha tena."

Nilitaka kukasirika, maana bibi huyu alibakiza kidogo tu kunipandisha mnarani. Nikashindwa. Nilimwonea huruma, na kimoyomoyo nikampa tano zake.

"Ukimwambia, chombo hiki atakitupa nje," akasema. "Na mimi humu ndani nitakuwa kabati."

Dawa niliijua. Ruta ile ina masafa mawili. Ya chini yanapenya kuta vizuri, lakini maikrowevu inayavuruga. Ya juu maikrowevu haiyagusi, ila yanadeka: yakikutana na ukuta mnene tu yanachoka, na kuta za nyumba ile zingezuia risasi. Nikazima ya chini, nikaacha ya juu. Kisha nikaing'oa ruta sebuleni, nikavuta waya na kuifunga jikoni, juu ya kiti cha Bibi.

"Babu," nikaita kwa sauti ya kampuni, "tatizo limekwisha. Ila uwe unachezea hapa."

"Jikoni?"

"Nyumba nzima, hapa ndipo penye mawimbi mazuri."

Wala sikusema uongo. Nilikuwa nimeyaweka mwenyewe.

Babu alikokota kiti chake huku ananung'unika, akakaa mezani. Niliwasha maikrowevu kwa makusudi. Iliunguruma, na mchezo ukaendelea. Bibi aliiangalia kwa huzuni, kama mtu aliyenyang'anywa fimbo yake. Akavuta bakuli la viazi, akaanza kumenya kando ya mumewe.

Nilikuwa nakunja waya uliobaki Babu aliponyoosha kidole kusogeza kete.

"Usisogeze hiyo," Bibi akasema, akichungulia simu bila kuacha kumenya. "Atakula mbili."

Kidole kikaganda hewani. Babu alihesabu kwa midomo, akaona.

"Wewe drafti umeijulia wapi?"

"Kwa baba yangu. Kabla hujanioa."

"Miaka yote hii! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Babu akasogeza bakuli la viazi pembeni na kuilaza simu katikati ya meza, mahali wanapoweza kuiona wote wawili.

"Haya," akasema. "Tusogeze ipi?"