Mgongoni kwa Bertha

Kwa miaka mingi Cresensia aliishi kwa kuchora twiga. Watalii waliopita Karatu kwenda kreta kutazama wanyama waliwapenda twiga wake. Mwaka huu ndipo alipowaweka kando, akaanza kitabu cha picha juu ya utoto wake kule Kyaka, Kagera, vita vilipowakuta.

Picha zilimjia zenyewe: kibanja cha migomba, baba na redio yake, mama akikaanga senene. Kisha mizinga. Ukurasa alioupenda kuliko yote ulikuwa wa kukimbia. Dada yake Bertha, mrefu kama mgomba, amembeba mgongoni katikati ya watu na ng'ombe, anaimba. Cresensia alikuwa na miaka mitano, na hakumbuki kuogopa.

Bertha alipokuja kutoka Bukoba kumsalimia, waliketi barazani wamejifunika mashuka kwa baridi ya Karatu, Bertha akifunua karatasi mojamoja.

"Redio ya baba!" alicheka. "Nani alithubutu kuigusa?"

Kwenye ukurasa wa kukimbia akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Huyu nani?"

"Si ni wewe, dada!"

"Mbona umenichora mama mzima? Kresi, nilikuwa na miaka tisa."

Cresensia alijua siku zote kwamba wamepishana miaka minne. Hakuwahi kuipeleka hesabu hiyo kwenye siku ile ya kukimbia.

"Mama alikuwa na kichanga," Bertha alisema. "Wewe ukawa wangu. Ulikuwa mzito! Nilikutua, nikakubeba tena. Niliimba ili nisilie."

"Mimi nilidhani umefurahi."

"Ndivyo nilivyotaka udhani."

Cresensia alifuta macho kwa ncha ya shuka, akachukua karatasi nyingine. Akachora msichana mwembamba, magoti yamepinda, na mtoto mgongoni asiyepishana naye sana kwa kimo. Bertha akawa anamwelekeza: gauni lilikuwa la njano, upindo umechanika, viatu hakuna.

"Wimbo wenyewe ulikuwaje?" Cresensia aliuliza.

Bertha akauanza kwa sauti ya chini. Mstari wa pili Cresensia akaudaka bila kujua kwamba anaujua.

Hhando, mume wa Cresensia, Mwiraqw wa hapohapo kijijini Qurus, alirudi kutoka shambani akawakuta dada hao wawili wameshikana mikono wakiimba kwa Kihaya. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia mkewe akiimba. Aliegemeza jembe ukutani, akaenda jikoni kuwachemshia chai.